Mti Ulionyamaza

Ukiingia wodi ya miti asubuhi hukutani na kikohozi, wala mtu anayemwita mama yake. Unasikia ta... ta-ta... ta, kama mtu kajificha chumba cha pili anavunja njiti za kiberiti. Ni miti hiyo, inalia kiu. Ndani ya shina la mti mkavu, uzi wa maji ukikatika hutoa mlio mdogo ambao binadamu hana habari nao. Lakini pale mlimani kila mti wa chunguni ulifungwa mkanda mweusi shinani, mkanda ambao watu waliuita sikio, na sikio lilisikia, likapaza, halafu likapeleka umbea wote Mamlaka ya Maji.

"Hamjambo wazee," Sengasu aliisalimia miti, kofia mkononi. "Nani kaamka vibaya?"

"Yule wa dirishani amelia sana. Wengine wanatulia," alijibu Nakijwa, nesi wake, bila kuinua kichwa. Alikuwa ameinamia karai, anatazama mapovu yanayotoka kwenye chungu kilichozamishwa. Mapovu yakiisha, mti umeshiba, unatolewa.

Watu walimwita Sengasu daktari, na yeye alishachoka kuwakatalia. Alichokuwa nacho ni stashahada ya misitu na kucha ndefu ya kidole gumba. Wodi yenyewe zamani ilikuwa kiwanda cha mbao, na mbao zilizopasuliwa humo zilikuwa za miangati hii hii, ule mti wa baridi wenye majani kama magamba na harufu ya penseli mpya. Msumeno mkubwa wa kiwanda ulikuwa bado umening'inia ukutani. Sengasu aliomba uondolewe, akajibiwa kwamba ni urithi.

"Haya," alisema, "basi nitawageuza wagonjwa waangalie upande mwingine."

Na kweli aliwageuza.

Mlango ulisukumwa na toroli. Nyuma ya toroli waliingia watu wengi kiasi kwamba Nakijwa alidhani ni ukaguzi. Mbele alikuwa Mahimbo, utepe mweusi begani, mtu ambaye sauti yake ilimfanya awe mwenyekiti wa kila msiba. Katikati, khanga mbili mpya na macho yaliyovimba, alikuwa Mama Tumsifu, mjane wa Mzee Kupaza aliyezikwa majuzi. Ndani ya toroli, kwenye chungu cha udongo, mwangati wenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, kijani mpaka unang'aa.

"Daktari shikamoo. Tumekuletea mgonjwa," alisema Mahimbo, "ila tunamshukuru Mungu, amepona njiani."

"Marahaba. Alikuwa na nini?"

"Kulia. Matanga yote alikuwa analia. Sisi tukajua analia msiba."

Waombolezaji walicheka kile kicheko cha msibani, cha kuzibwa na upande wa khanga.

"Halafu jana akanyamaza ghafla," Mahimbo aliendelea. "Mamlaka wakatutumia ujumbe, eti mti ukilia kisha ukanyamaza ghafla lazima uletwe upigwe kidole. Basi piga kidole, tuwahi. Kuna watu wanasubiri chai."

Sengasu aliushika mdomo wa chungu na kukinyanyua. Kilikuja juu kirahisi, kama kapu tupu la sokoni jioni. Uso wake ulibaki wa ukarimu, ila utani ulimkimbia.

"Nani alikuwa anaumwagilia?"

"Marehemu mwenyewe," alisema Mama Tumsifu.

"Na baada ya marehemu?"

Mahimbo alikohoa kidogo.

"Tulikuwa na kamati ya chakula. Tulikuwa na kamati ya viti na turubai. Ya usafiri ilikwenda kumpokea Tumsifu stendi. Na kamati ya maji ilikuwepo, chini ya Mama Anjela, huyu hapa."

"Maji ya chai na ya kunawa!" Mama Anjela aliruka. "Mti haukutajwa kikaoni. Kama ungetajwa ningeuandika."

"Na mfiwa hafanyi kazi," mwingine alisaidia. "Tungemwachaje mfiwa ashike ndoo mbele ya wageni? Watu wangesemaje?"

"Hata hivyo tulipogundua hatukulala," Mahimbo alisema. "Tuliunda kamati ya mti."

"Wajumbe kina nani?"

"Wote."

Na wote walimwagilia. Kila aliyepita alimimina kikombe, na kila kikombe kilitokea chini ya chungu palepale, wakasema huu mti umeshiba, unatema. Mama Anjela akautilia urea, kiganja kimoja tu, cha kuutia nguvu. Bibi mmoja nyuma alikiri kwa sauti ndogo kwamba yeye aliutilia uji.

"Uji wa nini?"

"Wa ulezi."

Siku nyingine Sengasu angekaa chini acheke. Alichomeka kidole kati ya udongo na ukuta wa chungu, kikaingia hadi kiungo cha pili. "Mnaona hapa? Udongo ukikauka sana unasinyaa, unajitenga na chungu. Unakuwa kama bati. Ukimimina juu, maji yanapita pembeni yanakwenda zake, katikati kwenye mizizi hata tone. Ndiyo maana sisi tunazamisha chungu kizima. Na urea kwenye mizizi mikavu, Mama Anjela, ni kama kumpa mtu mwenye kiu kiganja cha chumvi."

"Lakini si kijani?" alisema Mama Anjela, machozi yakimlengalenga. "Daktari, si unaona kijani?"

Sengasu alikunja kijitawi. Kikavunjika, ta, mlio pekee uliotoka kwenye mti huo. Alikwangua gome kwa kucha ya gumba, mahali ambapo mti hai huwa na rangi ya tango lililomenywa. Palikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akakwangua chini zaidi, kisha shingoni kabisa, shina linapoingia udongoni. Chai ya rangi.

Mwangati hauna haraka ya kutangaza msiba wake. Unaweza kufa leo ukabaki kijani majuma mengi, watu wanapita wanausifia. Na sikio halikuwa na namna ya kujua. Mti uliokunywa ukashiba haulii. Mti uliokufa nao haulii. Waliotengeneza sikio walijua kusikia kiu, na kwenye karatasi zao ukimya wote ulikuwa afya.

Ndiyo maana palihitajika kidole chake juu ya sikio. Akibonyeza mzima, mti unarudi nyumbani na koki ya nyumba hiyo inaendelea kumwaga maji. Akibonyeza matibabu, mti unalazwa, koki ya nyumba inabaki wazi, na mti ukifia wodini, wodi inaipa nyumba hiyo mti mwingine. Akibonyeza mfu, sikio linavuliwa, koki inafungwa, na nyumba inasubiri mche kwenye foleni ambayo watu huanza wakiwa na nywele nyeusi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria tangu ukungu uuhame mlima: lea mwangati wako mpaka ufike begani, upelekwe ukingoni juu ukaunase ukungu kwa majani yake ili urudi, na wewe upate maji. Usipolea, hupati.

Karai lililokuwa wazi asubuhi hiyo lilikuwa moja.

"Jamani," alisema Mama Tumsifu, "hebu nipisheni nje kidogo nizungumze na Daktari."

"Mfiwa haachwi peke yake," Mahimbo alianza.

"Mahimbo. Nje."

*

Walipotoka, mama huyo alikaa juu ya gogo. Nakijwa alijifanya anafuta karai.

"Umekufa," alisema Mama Tumsifu.

Sengasu alifungua mdomo.

"Usinifanye mtoto. Mimi Baba Tumsifu amefia ubavuni pangu. Nimeamka, mkono wake bado wa moto chini ya blanketi, nikamsemesha habari za mbuzi. Nimemsemesha muda mrefu tu. Majirani walipokuja kunikalisha na kikombe cha maji, ili waniambie, niliwaambia hicho kikombe kunyweni wenyewe, mimi najua." Aliutazama mti kwenye toroli. "Kwa hiyo kijani hiki hakinidanganyi. Niambie tu utabonyeza nini."

"Mama..."

"Nina mama mkwe kitandani, hageuki bila kugeuzwa. Shuka lake linafuliwa kila siku. Nina wajukuu wawili. Koki ikifungwa, yule bibi ataoza akiwa anatuangalia. Mimi siwezi kukuambia fanya hivi au vile. Nakuambia kilichomo ndani ya nyumba."

Nakijwa alinyooka. "Daktari, karai ni moja."

"Najua karai ni moja, Nakijwa."

"La mti unaoweza kunywa."

Kabla hajajibu, mlio ulianza uani, mkali na wa haraka kama bisi kwenye sufuria. Waombolezaji walipisha njia. Aliingia Mbelwa, mfuga kuku wa pale chini darajani, mwangati wake begani kama gunia, sikio likipiga kelele kwenye shavu lake.

"Nichukulieni huyu shetani!" alisema. "Analia hata nikiwa chooni. Wateja wangu wanadhani nimefunga kichaa ndani. Na Mamlaka wamenipunguzia koki nusu, kwa ajili ya makelele yake!"

"Umeuacha bila maji muda gani?" aliuliza Nakijwa.

"Dada yangu, nina kuku. Kuku akikosa maji mchana anakufa jioni. Mti nilidhani unavumilia, si mti?"

Sengasu alikunja kijitawi, kikapinda, kikarudi. Alikwangua gome. Chini ya kucha ikatokea ile rangi ya tango, yenye unyevu, akahisi ubaridi wake. Mti ule ulikuwa unaomba kitu kimoja tu, nacho kilikuwa pale, kimejaa maji, hatua chache kutoka mguuni pake.

Alimtazama Mbelwa, mwanamume mwenye mabega mapana, mdomo mpana, mke na watoto wenye afya. Alimtazama Mama Tumsifu, ambaye alikuwa ametazama sakafu na hakuinua macho. Kama angemwangalia, pengine Sengasu angepata nguvu za kukataa.

"Mzamishe huyu wa Mama Tumsifu," alimwambia Nakijwa.

Nakijwa hakusogea.

"Nakijwa."

"Daktari, mti unaolia uko mlangoni."

"Nausikia. Si una sikio?"

Ulikuwa utani. Haukumchekesha mtu. Nakijwa aliubeba mti uliokufa akaushusha ndani ya karai taratibu, kama wanavyoshusha watu kaburini, kamba huku, kamba kule. Mapovu yakapanda kwa wingi, maana udongo hunywa hata kama mti haunywi. Sengasu aliweka gumba lake kwenye sikio, akabonyeza matibabu. Mama Tumsifu aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatoka.

"Na mimi?" Mbelwa aliuliza.

"Wako utautibu nyumbani. Ni rahisi. Weka kivulini, uzamishe kwenye beseni kubwa mpaka mapovu yaishe. Usitie mbolea, usibadilishe chungu, usikate kitu. Halafu subiri."

"Nimekuja hospitali unanirudisha nikajitibu?"

"Vitanda vimejaa."

"Huyo aliyelazwa halii hata kidogo! Wangu anapiga yowe! Hospitali gani hii inalaza aliyetulia na kumfukuza anayepiga yowe?"

Nje Mahimbo alikuwa ameanzisha wimbo wa kushukuru, na waombolezaji wote wakaupokea. Kwenye kelele hiyo Sengasu alirudia maelekezo haraka haraka, akimsukuma Mbelwa mgongoni kwa upole kama unavyomsindikiza mgeni aliyekawia. Alisema zamisha. Ana hakika alisema zamisha. Kama Mbelwa alisikia, hilo ni jambo lingine.

*

Habari zilishuka mlima kwa kasi. Sengasu kafufua mti wa msiba. Mama Anjela aliomba samahani kanisani mbele ya watu, akasamehewa. Redio ya Mamlaka ilitangaza kwamba kelele za kiu zimepungua, mlima umetulia kuliko wakati wowote, wananchi wapewe hongera. Nakijwa alisikiliza tangazo hilo lote amekunja mikono, halafu akazima redio akaenda kupanga vyungu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Hakumsema Sengasu. Angemsema ingekuwa nafuu. Alimsalimia vizuri, alimwekea chai, na kila asubuhi alichukua kijiti akapima maji ya karai la Mama Tumsifu mbele yake, akakionyesha kijiti, akakirudisha. Maji hayakupungua. Majani ya mti, kule ndani karibu na shina, yalianza kuwa na rangi ya nyasi za paa.

"Ukimaliza kukauka tutampa mwingine," Sengasu alisema siku moja, ingawa hakuulizwa. "Bibi anafuliwa shuka zake. Nimepita, nimeona zimeanikwa."

"Vizuri," alisema Nakijwa.

"Mbelwa ana mikono. Ana beseni."

"Sawa, Daktari."

Mbelwa alirudi siku ya soko. Safari hii alikuja taratibu, ameuweka mti kwenye mkokoteni juu ya gunia lililokunjwa, ameufunika kitambaa usipigwe jua. Amevaa shati la kutokea. Chini ya kwapa alikuwa na jogoo mwekundu, amefungwa miguu, anaangalia dunia kwa hasira.

"Daktari wangu!" alisema, uso wote meno. "Leo sikuja kugomba. Nimekuja kushukuru. Mtu wangu amepona!"

Mti ulikuwa kijani, kijani cha kupendeza. Sikio lilikuwa kimya.

"Umenyamaza lini?" Sengasu aliuliza.

"Juzi. Asubuhi naamka, kimya. Nikamwambia mke wangu, sikiliza. Akasema sisikii kitu. Nikamwambia ndiyo hicho usichosikia!" Alicheka mpaka jogoo akatikisika. "Lakini nimeteseka, Daktari. Koki ilikuwa nusu, nikaona siwezi kuwalisha wote wawili, mti na kuku. Nikakumbuka maneno yako, kwamba mti unataka maji. Nikachinja kuku. Banda zima. Wengine tukauza, wengine tukala mpaka watoto wakaanza kuogopa wakiona supu. Maji ya kuku yote nikampa yeye. Kila siku, asubuhi na jioni, mwenyewe kwa mkono wangu, ndoo namimina, namimina, na yeye anakunywa vizuri, mpaka mengine anayatoa chini!"

Nakijwa aliacha alichokuwa anafanya.

"Unamimina juu," alisema Sengasu.

"Juu, ndiyo. Wewe si ulisema?"

Sengasu alikinyanyua chungu. Kilikuwa chepesi. Hakuwa na haja ya kuukwangua mti, lakini alikwangua, kwa sababu mkono ulishazoea na kwa sababu alitaka mkono umkanushe. Alikwangua juu. Alikwangua katikati. Alipiga goti, akakwangua shingoni. Pote chai ya rangi.

"Huyu jogoo ni wako," Mbelwa alikuwa anasema juu yake. "Ndiye pekee niliyembakiza. Mke wangu kasema, mpeleke kwa Daktari, bila yeye tungekuwa bado tunapigiwa kelele. Basi weka kidole, koki irudi, nianze upya na vifaranga. Nimeshaagiza."

Makarai yote yalikuwa yamejaa. Pembeni ya ukuta, mgongo kwa msumeno, mti wa Mama Tumsifu ulisimama ndani ya maji yake yote, ukiwa na rangi ya nyasi mpaka nusu. Sengasu aliutazama. Akamtazama Nakijwa, akitumaini, Mungu amsamehe, kwamba atamwambia la kufanya. Nakijwa alikuwa anamtazama jogoo.

Basi Sengasu alisimama. Alichukua kikombe chake cha chai, akakikung'uta, akakijaza kutoka dumu lake la kunywa, mgao wake wa kutwa. Akavuta gogo akaliweka mbele ya Mbelwa.

"Kaa kwanza, Bwana Mbelwa," alisema. "Kunywa maji."

Mbelwa alikuwa bado anacheka alipokipokea kikombe. Kicheko kilibaki mdomoni baada ya kuondoka machoni. Hakuna mtu mzima mlimani ambaye hajawahi kukalishwa akapewa kikombe namna hiyo.

"Nani?" aliuliza.

Sengasu aliugusa mti.

"Daktari, si umenyamaza? Mwenyewe si unasikia umenyamaza?"

"Nasikia."

Mbelwa hakukaa wala hakunywa. Alimweka jogoo sakafuni, akauendea mti wake, akaanza kumimina kile kikombe kwenye chungu, polepole, kwa mkono wa mtu aliyejifunza kumimina. Maji yakazama pembeni, na kabla kikombe hakijaisha yakatokea chini, safi, yakatambaa kwenye sakafu ya kiwanda kufuata mteremko.

Jogoo alijiburuta kwa miguu yake iliyofungwa, akanyoosha shingo, akaanza kunywa.